Maktaba ya Wengi, Mafaili ya Mmoja

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa historia huko Kaengesa alinipigia simu jioni. Alikuwa akiandaa somo kuhusu uyeyushaji wa chuma katika Ufipa, yale matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, ambayo mabaki yake wanafunzi wake huyapita njiani bila kuyatazama mara mbili. Katika maktaba ya marejeo tunayoitumia pamoja kupitia programu ya Zotero, aliiona tasnifu ya Bertram Mapunda ya mwaka 1995 kuhusu ufundi wa chuma kusini-magharibi mwa Tanzania. Jina la mwandishi lilikuwapo, chuo kilikuwapo, mwaka ulikuwapo. Alipobofya ili asome, hapakuwa na kitu cha kufunguka.

"Daktari," akaniuliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko ukali, "maktaba yetu hii ni ya majina ya vitabu tu?"

Nilikimbilia kompyuta yangu. Tasnifu ikafunguka pale pale. Nikataka kumlaumu yeye, kisha mtandao wa simu, kisha milima. Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa kwa kuwa nina hakika si langu peke yangu.

Ndugu msomaji, katika programu hii kiambatisho huweza kuwekwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kulihifadhi faili ndani ya maktaba yenyewe, lisafiri pamoja na rekodi yake kila inaposawazishwa. Namna ya pili ni kuweka kiungo tu: rekodi inakumbuka kwamba faili lipo kwenye folda fulani ya kompyuta fulani, basi. Mimi kwa miaka mingi nilitumia kiungo, maana napenda kuzipanga folda zangu mwenyewe kwa majina ninayoyaelewa. Nilipoziburuta rekodi kutoka maktaba yangu binafsi kwenda maktaba ya kikundi, rekodi zilikwenda na mafaili yakabaki. Maktaba ya kikundi haipokei viungo vya namna hiyo. Kwa muda wote huo nilikuwa nikifungua nakala zangu binafsi na kudhani wenzangu nao wanasoma.

Wako watakaosema hili ni jambo la fundi wa kompyuta. Sikubaliani nao. Tazama maarifa kuhusu Ufipa yalivyotawanyika. Kitabu cha Roy Willis kuhusu dola za Ufipa kabla ya ukoloni kilitoka mwaka 1981. Cha Kathleen Smythe kuhusu familia za Kifipa na uinjilishaji wa Kikatoliki katika Nkansi kilitoka mwaka 2006. Vyote viwili viliandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo. Mtu wa Kaengesa ambaye babu yake ndiye aliyehojiwa huona jina la kabila lake kwenye orodha ya marejeo, na hapo ndipo safari yake inapokomea. Tulianzisha maktaba ya pamoja ili tuuvunje ukuta huo. Kisha mimi, mhadhiri mwenye kiyoyozi na intaneti ya chuo, nikaujenga upya kwa uzembe wa folda.

Kurekebisha kulianza kwa wepesi. Katika menyu ya zana ipo amri ya kubadili mafaili ya viungo yawe mafaili yaliyohifadhiwa; nikaitumia, nikafuta zile rekodi tupu, nikaziburuta rekodi upya. Ugumu ukaja kwenye nafasi. Hifadhi ya bure ni MB 300, na mafaili ya kikundi huhesabiwa katika akaunti ya mwenye kikundi, yaani yangu, hata yakipakiwa na mtu mwingine. Nakala moja niliyoipiga kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, ilimeza karibu theluthi ya nafasi yote. Nikairudia kwa rangi nyeusi na nyeupe, nukta 300. Maandishi yanasomeka vizuri na ukubwa umeshuka mno. GB 2 hulipiwa dola 20 kwa mwaka. Si fedha nyingi kwa chuo, lakini ni fedha kwa mwalimu, na swali linalonisumbua ni nani atakayelipa siku nikistaafu au nikifa.

Hapo ndipo siasa ilipo. Mwenye akaunti ndiye mwenye maktaba. Anaweza kuwapa wanachama wote ruhusa ya kuhariri mafaili, au wasimamizi tu, au kuzuia mafaili kabisa. Vikundi vingi ninavyovijua vimefunguliwa kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mwenye mradi, na mradi ukiisha nywila husahaulika. Tunawakosoa viongozi wanaozifanya ofisi za umma kuwa mali yao, ilhali sisi wasomi tumezifungia maktaba katika baruapepe zetu.

Upande wa pili unastahili heshima pia. Si kila faili ni la kugawa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, nami siwezi kupakia kitabu kizima kilicho sokoni kwa kisingizio cha kuwapenda Wafipa. Kwa vitabu vya namna hiyo tumeandika ndani ya rekodi mahali nakala ya karatasi ilipo na nani wa kumwomba. Jambo zito zaidi ni mahojiano. Mmoja wetu alikuwa amepakia sauti za wazee wakizungumzia urithi wa mashamba na ugomvi wa ndani ya koo, majina yao yakiwa wazi kabisa. Wazee walikubali kuzungumza naye. Hawakukubali kusikilizwa na wanachama wote wa kikundi. Tuliziondoa siku ile ile, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tuliisoma baadaye, jambo ambalo halitupi sifa.

Mwalimu wa Kaengesa hulipia bando lake mwenyewe. Hivyo tulimwelekeza aweke programu yake ipakue mafaili pale tu anapoyahitaji, isiyabebe yote kila inaposawazishwa. Sasa anasoma. Maoni anayoyaandika pembeni mwa kurasa nayaona kwenye kompyuta yangu, na mawili kati yake yamenirekebisha kuhusu majina ya vijiji niliyoyakosea kwa miaka kadhaa.

Umiliki wa kikundi tumekubaliana kuuhamishia kwenye akaunti ya idara, yenye wasimamizi watatu, mmoja wao akiwa mwalimu huyo. Barua ya kuomba dola 20 iko mezani kwa mkuu wa idara tangu Jumatatu.