AMPLIFAYA YA VALVU TUWAACHIE WENYEWE

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Walimu wapendwa na wanafunzi wenzangu, muhula huu wote wapigaji gitaa wa chama chetu cha muziki wamekuwa wakivutana vivyo hivyo. Chanzo ni pesa tulizopata kwa kuuza mandazi na kuosha magari siku ya wazazi. Zinatosha kununua amplifaya moja. Je, iwe ya valvu, ya transista, au ile ya kompyuta iigayo nyingine?

Mimi nilikuwa kambi ya valvu, tena mstari wa mbele. Valvu ni zile chupa za kioo mfano wa balbu, zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Huwashwa, zikangojewa zipate moto, ndipo sauti itoke. Zikilemewa, hazilikati wimbi la sauti ghafla, bali hulikunja polepole, na noti ikanenepa na kukwaruza kwa utamu. Ndiyo sauti iliyozipa sifa Marshall, zilizoanza kutengenezwa London mwaka 1962. Transista ya kawaida ikilemewa hulikata wimbi kwa mkato mmoja, sauti ikaparuza sikio. Basi nikawa nawacheka wenzangu: "Nyinyi mnataka redio ya matatu!"

Likizo ya Agosti mjomba wangu, ambaye hupiga gitaa hotelini, alinikata kiburi. Aliazima amplifaya mbili akaziweka kando ya yake ya valvu, akanifunga macho kwa leso. Akapiga kipande kile kile cha benga kwenye zote tatu, kwa sauti ya kiasi.

"Haya mpwa wangu, ya valvu ni ipi?"

Nilijibu kwa kishindo, nikakosa. Tukarudia, nikakosa tena! Niliyoisifu ilikuwa ya transista.

Sisemi kwamba valvu ni porojo. Alipoipandisha sauti hadi madirisha yakatetemeka, niliitambua mara moja. Na aliponipa gitaa nipige mwenyewe, niliisikia vidoleni: ukigusa pole inanong'ona, ukigonga inafoka. Lakini hebu tujiulize, sisi tunapiga nini? Tunapiga benga, ambapo gitaa la solo hukimbia kwa noti safi, kila moja peke yake kama shanga. Kwa sauti safi transista haina haja ya kuona haya. Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ni ya transista, na wapigaji wa dunia nzima huipenda kwa usafi huo huo.

Tena valvu huchakaa, huvunjika, na kuipata nyingine ni safari. Ndani yake mna umeme wa zaidi ya volti 300, unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Nani kati yetu ataifungua?

Ile ya kompyuta nayo ni hodari. Hupiga hesabu za jinsi amplifaya mbalimbali zinavyofanya kazi, ikaziiga, na siku hizi huiga vizuri mno. Nyumbani, na visikizi masikioni, ni nzuri sana. Ila nawajua wenzangu: saa nzima ya chama itaishia kwenye vitufe. Na ubao wake ukiungua, fundi wetu wa sokoni atatikisa kichwa tu, ilhali transista ya kawaida ataifungua na kuitengeneza.

Rai yangu ni tununue ya transista, ya bei ya wastani, na pesa zitakazobaki zinunue gitaa la pili. Kila Alhamisi wanachama wapya husimama foleni wakingojea gitaa moja, na wengine kengele hulia hata uzi hawajaugusa. Hao watafaidi nini na valvu?

Tutapiga kura muhula ujao. Anayenipinga na aje na hoja, au aje na leso tumfunge macho.