Chombo Kikilia, Nani Asikie?



Sisi wa reli twaijua kazi ya masikio. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, fundi alipita kando ya gari la moshi lililosimama akigonga kila gurudumu kwa nyundo. Gurudumu zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa sauti butu, nalo likatolewa kazini.

Lakini tazameni boti za faiba pale mchangani Shelly Beach. Hizo si chuma wala mbao. Ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na gundi, tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo zaweza kuachana ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Ukigonga, utapata habari ya pale ulipogonga tu.

Kwa hiyo wapo wataalamu waliogeuza kazi: hawagongi, bali husikiliza. Boriti ya mkoko ikizidiwa na mzigo hulia kabla ya kuvunjika. Faiba nayo hulia. Gundi ikipasuka, uzi ukikatika, tabaka zikiachana, kila mara hutoka mlio. Sikio la mtu hukoma kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na milio hii aghalabu hupita 100,000. Basi hubandikwa vipokezi vidogo juu ya chombo, kisha mzigo huongezwa polepole. Mlio ukifika kwenye kipokezi kimoja kabla ya kingine, tofauti ya muda huonyesha ulikotoka.

Mjerumani Josef Kaiser alieleza mwaka 1950 kwamba kitu kilichokwisha kubeba mzigo fulani hunyamaza kikibebeshwa tena, mpaka mzigo ule wa kwanza upitwe. Faiba iliyoumia haiwezi kunyamaza hivyo. Hulia mapema, na kadiri inavyolia mapema ndivyo ilivyoumia zaidi. Jambo hili lanipendeza sana: chombo chenyewe chatoa ushahidi, wala hakimwogopi msimamizi.

Hata hivyo mtambo hauna mikono. Kampuni ya OceanGate ya Marekani iliunda nyambizi Titan kwa nyuzi za kaboni na gundi, ili kupeleka watu kwenye mabaki ya meli Titanic, kiasi cha mita 3,800 chini ya bahari. Ilikuwa na vipokezi vya namna hii. Julai 15, 2022, katika safari ya 80, ikiwa inapanda juu, waliokuwamo walisikia kishindo kikubwa, na baada ya hapo vipimo vya ganda lake vikabadilika. Haikuondolewa kazini. Juni 18, 2023 maji yaliiponda, wakafa watu watano, na mkuu wa kampuni mmojawapo.

Tena mfanyakazi alikwisha kusema. David Lochridge, aliyesimamia shughuli za baharini, aliandika Januari 2018 juu ya kasoro za ganda la kwanza. Alitaka lipimwe kabla ya kubeba mtu, akipinga kutegemea milio peke yake, kwa kuwa huenda onyo likaja nukta ndogo tu kabla ya ajali. Alifukuzwa, kisha akashtakiwa. Ganda lile baadaye lilipata ufa, likabadilishwa.

Hapa Kenya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi aonapo hatari kubwa iliyo karibu. Yakataza pia kumfukuza au kumwadhibu aliyeondoka mahali penye hatari hiyo akiwa na sababu ya haki. Wangapi kati yetu wamesomewa maneno hayo siku ya kuandikwa kazi?

Vipokezi hivyo ni vya bei, wala hatutazamii kuviona Likoni kesho. Kalamu tunazo. Mwanachama afanyaye kazi kwenye chombo cha faiba, akisikia mlio asiouzoea, aandike siku, saa, mzigo uliokuwamo na mahali ulipotoka. Nakala moja ampe msimamizi, na ya pili ailete kwa katibu wa tawi siku ile ile.