Kitambi si Heshima

Wako watu katika nchi yetu ambao, mtu akinenepa, humpongeza na kusema kuwa maisha yamemkubali. Tumbo likimtangulia mlangoni, huhesabiwa kuwa ni cheti cha mafanikio. Mimi nakikana cheti hicho, na wewe msomaji, maadamu ungali kijana, nakuomba usikitamani.

Moyo huisukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe haushibi kwa damu ipitayo katika vyumba vyake. Hulishwa na mishipa miwili iliyouzunguka kwa nje mfano wa taji, nayo ni myembamba kuliko penseli. Katika kuta za mishipa hiyo mafuta yaitwayo kolesteroli hujipenyeza, yakafanya uvimbe na makovu, na njia ikasonga. Mwenyewe aghalabu hasikii lolote kwa miaka mingi. Kisha siku moja utando wa uvimbe hupasuka, damu huganda pale pale, na sehemu ya moyo iliyoutegemea mshipa ule huanza kufa.

Utasema kuwa huu ni ugonjwa wa wazee. Sikubali. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza waliyoyaona katika mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya saba katika kila kumi walikuwa na alama za ugonjwa huu mishipani.

Mwingine atasema ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi. Hoja hii ina asili yake. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliandika kutoka Uganda kwamba ugonjwa huu karibu haukuwako miongoni mwa Waafrika, ilhali Waasia wa nchi ile ile waliugua. Lakini kolesteroli katika damu ya Waafrika wale ilikuwa chini. Hawakulindwa na rangi. Walilindwa na ndizi, mboga, jembe na miguu yao. Sisi tumeviacha vitu hivyo, tukashika sigara, viazi vya kukaangwa na kiti, na leo hospitali zetu zinatupokea. Wala wembamba si kinga: mvuta sigara mwembamba, au mwenye shinikizo la damu asilolijua, yumo hatarini vile vile.

Miaka michache iliyopita mwalimu mwenzangu alishikwa na uzito kifuani katika chumba cha walimu. Jasho lilimtoka, na mkono wa kushoto ukamuuma. Sote mle tulikuwa watu wa vyeti. Mmoja alisema ni hewa tumboni. Mwingine alitaka dawa ya vidonda vya tumbo. Mimi nilikimbia dukani nikamletea soda. Saa mbili zilipita hivyo. Alifika hospitali akiwa amekwisha kufa.

Utafiti uliotangazwa mwaka 1988, wa wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha kuwa aspirini peke yake ilipunguza vifo vya majuma matano ya kwanza kwa zaidi ya moja ya tano. Kidonge hicho kiliuzwa katika duka lile lile nililonunua soda. Tangu mwaka 1977, Gruentzig alipoonyesha njia huko Zürich, madaktari huweza kuufungua mshipa wa moyo kwa kiputo kidogo. Lakini mitambo ya kazi hiyo ni michache, iko katika miji mikubwa, na mgonjwa aliyecheleweshwa kwa soda haifikii.

Na shule zetu hufanya nini? Ratiba ina kipindi cha michezo, lakini mitihani ikikaribia kipindi hicho huibwa kwa ajili ya hesabu. Nasema huibwa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekiiba mara nyingi. Nje ya lango mwanafunzi hungojewa na mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi, na hakuna mwalimu anayeuliza.

Basi kengele ya michezo ikilia, mwalimu akaingia na chaki mkononi, simama umwulize kwa adabu amekipata wapi kipindi hicho. Mwulize hata kama mwalimu huyo ni mimi.