Kurudi kwa Mwajiri Aliyekupunguza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wafanyakazi wengi hapa nchini, nalo ni kurudishwa kazini na mwajiri yule yule aliyekupunguza na kukulipa kiinua mgongo.

Hapa kijijini wapo wazazi wa watoto ninaowafundisha ambao walipunguzwa katika kiwanda kimoja. Walilipwa, wakanunua mabati na mbuzi, wakashika jembe. Haukupita mwaka wakaitwa tena. Mashine ni zile zile na msimamizi ni yule yule, ila sasa wanaitwa vibarua, na mkataba wao ni wa miezi mitatu mitatu. Wako wanaowacheka. Mimi siwacheki, kwa maana fundi wa mashine atakwenda wapi kama si penye mashine? Linalostahili kuulizwa ni masharti ya kurudi huko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ashauriane na wahusika. Kiinua mgongo kisipungue mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Hivyo aliyetumika miaka 14 hupata siku 70, sawasawa na aliyetumika miaka 10. Wenzetu wa Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2007, kiwango cha chini ni siku 15 kwa kila mwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Kwa mshahara wa siku 70 mwajiri anaweza kumwondoa mtu wa miaka 14, kisha akamrudisha kama mgeni, nyongeza zake zote za mshahara zikiwa zimefutika. Kama kweli kazi ilikwisha, mbona imerudi upesi hivyo? Mfanyakazi akitaka kuuliza, anakuta siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zimekwisha pita. Itambidi kwanza aiombe Tume ikubali sababu za kuchelewa kwake.

Najua mwajiri naye ana shida zake. Soko likianguka hawezi kulipa watu wasio na kazi ya kufanya. Lakini soko likiinuka, waanze wale waliotolewa. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Namba 166 la mwaka 1982, lilishauri kwamba waliopunguzwa kwa sababu za kiuchumi wafikiriwe kwanza mwajiri anapoajiri tena watu wa ujuzi wao, mradi wawe wameeleza mapema nia ya kurudi. Juu ya mshahara wao na haki za utumishi wa nyuma, kila nchi iliachiwa njia zake za kupanga.

Basi nasi tupange. Vyama vya wafanyakazi viingize jambo hili katika mikataba ya hali bora: anayerudi ndani ya muda fulani arudi kwenye ngazi yake ya mshahara.

Kwa ndugu anayeitwa leo, nashauri hivi. Kiinua mgongo ni malipo ya miaka uliyokwisha kutumika. Si mkopo wala fadhila, usikubali kukatwa kwa sababu umerudi. Dai mkataba wa maandishi unaotaja kazi, mshahara na muda. Tunza cheti cha utumishi ambacho mwajiri anapaswa kukupa unapoondoka, pamoja na stakabadhi zote za malipo. Mali bila daftari huisha bila habari, na jasho la miaka 14 ni mali.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.