Makuu ya Msomi na Chakula cha Kijiji

Wako wanavyuoni wafundishao kwamba maana ya maisha imo katika makuu ayatamaniyo mtu, na kwamba msaada kwa wengine ni mabaki ya karamu: mtu apande kwanza, akifika juu atawakumbuka waliobaki chini. Maneno haya ni matamu masikioni mwa kijana wa chuo, na kwa sababu hiyo yastahili kupingwa mbele yake.

Ushahidi wa Dar es Salaam wa mwaka 1966 watosha. Serikali ya Tanzania ilitaka kila amalizaye masomo ya juu alitumikie Taifa miaka miwili, na miezi 18 katika hiyo afanye kazi yake kwa asilimia 40 ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu. Bango moja lilisema miili yao ingekwenda lakini roho zingebaki nje. Jingine likasifu maisha ya enzi ya ukoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400.

Watetezi wao husema vijana wale walidai haki: aliyesoma kwa taabu alipwe kwa kadiri ya taabu yake. Taabu ya nani? Chuo kile kilifunguliwa mwaka 1961 kwa masomo ya sheria tu, na waliokilisha ni mkata mkonge wa Tanga na mlima pamba wa Usukuma. Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda kuleta kingine kutoka mbali. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo ni mkali, walakini hausemi kwamba mtu yule asitamani kufika mbali. Wapinzani wake aghalabu hulipita jambo hili. Kijiji kilitaka afike mbali, na kwa ajili hiyo kikashinda na njaa. Tamaa yake haikuwa kosa. Kosa lingekuwa kudhani chakula kile kilikuwa chake.

Hoja nzito zaidi ni ile ya roho. Yamkini aliyeliandika bango lile alisema kweli kubwa kuliko alivyokusudia, maana mganga anayehudumu kwa amri tu humtazama mgonjwa kama mfungwa autazamavyo ukuta. Hapo serikali nayo yastahili lawama: ilidhani sheria yaweza kuzaa mapenzi. Lakini roho ile iliyobaki nje ilikuwa ikingoja nini? Ilingoja mshahara kamili. Na mwenye kungoja mshahara kamili ndipo asaidie hungoja pia nyumba, kisha gari, kisha cheo cha aliye mbele yake; ngazi yake huongezwa kidato kila apandapo kimoja.

Mwaka 1967 wengi wao walirudishwa chuoni, nao wakahitimu. Utumishi wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wamalizao kidato cha sita. Katika mabishano yote hayo juu ya miezi na mishahara, mkata mkonge hakuitwa kutoa maoni.