Maharage ya Mahafali: Neno kwa Wanachuo Waendao Karatu na Ngorongoro

Kila mwaka, mahafali ya darasa la saba yakaribiapo, uwanja wa nyuma wa shule zetu za msingi hugeuka jiko. Mafiga hupangwa, masufuria makubwa huazimwa kwa majirani, na wazazi huleta walichojaliwa: debe la mahindi, maharage, vitunguu vya Mang'ola, pengine kondoo mmoja. Wakati huohuo mwalimu wa sayansi na mwalimu wa hisabati wamejifungia ofisini wakiandika kadi za mwaliko. Sisi twaliona jambo hili kuwa hasara kubwa ya ufundishaji.

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya nyanda za juu za Ngorongoro. Mwanachuo wetu mmoja, kijana hodari aliyekulia pwani, alikabidhiwa makande ya wageni wapatao mia mbili. Alifanya kama alivyoandika katika daftari lake la chuo: mahindi na maharage yachemshwe kwa saa mbili, kisha yaungwe. Saa mbili zikapita, hotuba zikaisha, ngoma zikaisha, wageni wakaketi, na makande yalikuwa bado yanalia chini ya meno kama changarawe. Wazee walitafuna kwa adabu bila kusema neno. Mwalimu mmoja akawalaumu akina mama waliokoka moto. Lawama ile haikuwahusu hata kidogo. Ilituhusu sisi wakufunzi, maana saa zile mbili tuliziandika ubaoni wenyewe, na hatukusema zilipimwa wapi.

Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi katika usawa wa bahari. Kadiri tupandavyo mlima, mkandamizo wa hewa hupungua, na kwa kila mita 300 hivi kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzi moja. Mjini Karatu, kwenye mita 1,500 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio kwenye mita 2,300 hivi, ni karibu na nyuzi 92. Kuongeza kuni hakusaidii. Moto mkali huyageuza maji kuwa mvuke upesi zaidi, lakini hauyafanyi yawe ya moto zaidi. Mtoto akilielewa jambo hili mbele ya sufuria hatalisahau. Akilinakili ubaoni, litadumu hadi siku ya mtihani tu.

Tena kosa la namna hii ni ghali. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, na kukatazwa upya mwaka 2009. Kwa hiyo mahindi na maharage ya sherehe hununuliwa na kupandishwa kwa gari kutoka huku Karatu. Mzazi aliyeuza mbuzi ili achangie mahafali hastahili kurudi nyumbani na njaa kwa sababu ya daftari letu.

Basi mwanachuo afanye nini? Ayaloweke mahindi na maharage tangu jioni ya siku iliyotangulia, ayamwage maji yale, na ayainjike alfajiri. Maharage yaliyokaa ghalani tangu msimu uliopita huchelewa kuiva kuliko mapya, kwa hiyo asiyachanganye katika sufuria moja. Nyanya na ndimu visitiwe mpaka maharage yamelainika, kwani uchachu huzuia maganda yasilegee. Hili akina mama wengi wanalijua kwa uzoefu, na mwalimu ana deni la kueleza sababu yake tu. Magadi nayo huharakisha kuiva, lakini yakizidi huharibu ladha na vitamini B1. Hatuyakatazi. Twasema yapimwe kwa kijiko, wala yasimwagwe kwa kiganja. Kapu la kuhifadhi joto, lile lililojazwa mabua makavu ya ngano, hufaa sana kwa wali na huokoa kuni. Lakini kwenye ukingo wa kreta lisitegemewe kuivisha maharage makavu, kwa maana sufuria huingia kapuni ikiwa tayari na joto pungufu. Tena maharage mekundu yasiyochemka sawasawa huumiza tumbo.

Upande wa hisabati tuna mfano tuupendao kuliko yote, nao ni pilau. Tunawafundisha watoto uwiano: ikiwa vikombe 2 vya mchele vyahitaji vikombe 4 vya maji, vikombe 100 vitahitaji 200. Hesabu ni sahihi kabisa, na pilau litakuwa bokoboko. Sufuria kubwa iliyofunikwa vizuri haipotezi mvuke mara hamsini zaidi ya sufuria ndogo; kwa hiyo maji hayapandi sambamba na mchele. Kwa upande mwingine, huku milimani mchele hukaa motoni muda mrefu zaidi na hudai maji kidogo ya ziada. Mpishi mzoefu huyamaliza mabishano haya kwa kutia maji pungufu kwanza, akaweka mengine ya moto pembeni. Mwalimu wa darasa la sita anaweza kuuliza: uwiano hufaa wapi, na huacha kufaa wapi? Hatujapata kuliona swali hilo katika andalio lolote la somo tulilokagua.

Nyama ya kondoo ipakuliwe mwisho kabisa. Katika baridi ya Ngorongoro mafuta yake huganda sahanini kabla ya mgeni rasmi kumaliza salamu, na huo pia ni mfano mzuri wa kuganda na kuyeyuka.

Wako wenzetu wasemao kwamba mapishi ni kazi ya wasichana, na kwamba mvulana aliyeshika mwiko atachekwa kijijini. Twawaomba wapite siku moja nyuma ya hoteli za watalii za Karatu, au kambi za safari, wawatazame wapishi. Wengi ni wanaume, na wanalipwa mshahara kwa kujua kuivisha mkate na nyama katika hewa hii nyepesi. Mvulana tunayemfukuza jikoni leo huenda akaja kuiomba kazi hiyo.

Tunapendekeza kwamba wanachuo watakaopangiwa shule za Karatu na Ngorongoro muhula ujao wafungue ukurasa mmoja katika daftari la mazoezi, waandike pamoja na wanafunzi wao: jina la kijiji, urefu wake juu ya usawa wa bahari, aina ya maharage, saa yalipolowekwa, saa yalipoinjikwa na saa yalipoiva. Kurasa hizo zikirudi chuoni tutakuwa na kitu cha kuandika ubaoni badala ya zile saa mbili. Vipimajoto vya maabara vitaazimwa kwa watakaoomba mapema. Viko viwili tu, na kimoja namba zake zimeanza kufutika.