Bastola ya bei nafuu na gharama zisizotajwa dukani

MAGAIDI walipovamia jumba la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 21, 2013 na kuwaua watu 67, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa walionaswa ndani walikuwa raia waliokuwa na bastola zilizoidhinishwa kisheria. Mmoja wao ni Abdul Haji, ambaye mwaka 2021 aliingia Seneti kuwakilisha Garissa. Tangu siku hiyo, si rahisi kuwanyamazisha wanaodai kwamba raia mwema anastahili silaha ya kujilinda.

Hata hivyo, hadithi ina upande wa pili. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, aliwapa wamiliki wote siku 90 wapigwe msasa upya, kufuatia malalamiko kwamba vyeti vilikuwa vimetolewa kiholela. Mjadala uliofuata ulihusu ni nani anafaa kumiliki bastola. Ni wachache waliouliza ni bastola gani anayoimudu, na hapa kumudu si suala la mfuko pekee.

Anayetafuta silaha ya bei nafuu mara nyingi huishia kwenye bastola ya silinda, yaani rivolva, inayobeba risasi tano au sita. Wapo wanaoicheka kwa uzee wake. Wanakosea. Haina magazini ya kukwama, na risasi ikikataa kulipuka, mpigaji huvuta kifyatulio tena na silinda ikaleta nyingine. Aidha, ukiifungua silinda unaona mara moja iwapo ina risasi au haina. Kwa mtu asiyeishika silaha kila siku, sifa hizo zina uzito kuliko wingi wa risasi.

Mtego uko katika ukubwa. Mnunuzi huvutiwa na ile ndogo, nyepesi, ya mtutu mfupi, kwa kuwa hufichika vizuri chini ya koti. Lakini kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyousukuma mkono kwa nguvu, na mtutu mfupi hufanya shabaha kuwa ngumu. Mwenye nayo huenda uwanjani kulenga mara moja, akaumia kiganja, asirudi tena. Ile ya chuma kizito, ya mtutu wa inchi nne, inachosha kubebwa, ila ndiyo inayomfunza mtu kulenga. Iliyoundwa kwa risasi za .357 Magnum hupokea pia za .38 Special, ambazo ni pole zaidi kwa mazoezi.

Iliyotumika si ya kudharauliwa, mradi fundi aikague. Silinda ikicheza wakati kifyatulio kimevutwa, au isipolingana barabara na mtutu, unafuu wa bei hauna maana. Ni kweli rivolva haikwami kwa urahisi, lakini ikikwama, aghalabu huhitaji fundi mwenye vifaa. Katikati ya hatari hakuna fundi.

Isitoshe, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimpi Mkenya haki ya kumiliki bastola. Humpa ruhusa akionyesha sababu ya kutosha na kwamba hatahatarisha usalama wa umma, na ruhusa hiyo yaweza kufutwa. Cheti hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi. Kwa hiyo anayechagua bastola inayotumia risasi ghali au adimu amejifungia mlango wa mazoezi kabla hajaanza. Huyo ndiye wa kuogopwa: anatembea na chuma kiunoni kilabuni na sokoni, ilhali mara ya mwisho kufyatua ilikuwa siku ya kupimwa. Mkono usiozoea hukosa adui ukampata mpita njia.

Kuna gharama nyingine inayosahauliwa, nayo ni sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni. Watetezi wa rivolva husema kifyatulio chake ni kizito, hivyo ni salama nyumbani. Kizito kwa nani? Mtoto anayetumia vidole vya mikono yote miwili anaweza kukivuta, na bastola nyingi za aina hii hazina kizuizi cha kuzima. Mwenye fedha za bastola pekee, bila za sanduku na za risasi za mazoezi, bado hajafikisha bei.